Karatasi ya mgomba na picha za kubandika: maswali yenu ya msimu wa mvua

Mvua imerudi Bukavu, na karibu barua zote za safari hii zinalalamikia maji: yaliyobaki ndani ya jani, yaliyo ndani ya gundi, au ya kusuuzia ambayo hayakutosha. Tunaanza na swali lililoulizwa na wengi.

Nimechemsha maganda ya mgomba kwa muda wa saa mbili, nikatwanga, nikatengeneza karatasi. Zimetoka na mafundo na matundu, na zikikauka zinakatika kama chapati ya juzi. Kosa liko wapi? (Msomaji, Kadutu)

Hayo ni makosa matatu, si moja.

Mafundo yanasema nyuzi hazikuiva. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka karibu na nyuzijoto 95 badala ya 100. Muda ulioandikwa na watu wa pwani hauwezi kututosha. Panga muda wa saa nne, lakini usiamini saa, amini vidole: toa kipande, kisuuze, kivute. Nyuzi zikiachana bila ubishi zimeiva.

Vipimo ni hivi: maganda makavu ya shina kilo 1, yaliyolowekwa usiku kucha, maji lita 15, na soda kostiki ya watengeneza sabuni gramu 150. Soda ndiyo inayotiwa kidogo kidogo ndani ya maji baridi. Ukimwaga maji juu ya soda, yanapata moto ghafla na kurusha matone yanayounguza ngozi na macho. Vaa glavu na miwani, fanyia nje, watoto wakae mbali. Maganda uyakate vipande vya sentimita 2 hadi 3, maana nyuzi ndefu hujisokota ndani ya beseni zikawa kamba, na hayo pia ni mafundo.

Kukatika kunatokana na soda iliyobaki au kinu kilichoachwa mapema. Suuza nyuzi ndani ya kitambaa mpaka maji yatoke safi na yasiteleze vidoleni. Mara sita au nane ni kawaida. Kisha twanga dakika 45 hadi 60. (Kinu cha sombe, yaani majani ya muhogo, kinafaa sana, ila kisirudi tena kwenye sombe.) Karatasi hii haina gundi ndani yake. Kinachoishika ni nyuzi zenyewe, na kutwanga ndiko kunakozichambua zipate kukumbatiana. Blenda huzikata tu, kwa hiyo itumie sekunde chache za mwisho, au usiitumie kabisa. Ukitaka kuhakikisha, tia rojo kidogo (nyuzi zilizotwangwa) ndani ya chupa ya maji na uitikise. Unatakiwa kuona wingu, usione minyoo.

Matundu nayo ni ya rojo jepesi au chandarua kilicholegea kwenye fremu ya kuchotea karatasi. Bidoni moja ya lita 20 inahitaji rojo lenye uzito wa gramu 100 likiwa kavu, na baada ya kila karatasi tatu uongeze konzi moja. Inua fremu ikiwa sawa, itikise mara moja mbele na nyuma, kulia na kushoto, kabla maji hayajaisha. Na uangalie mikono yako: tone moja likidondoka juu ya karatasi mbichi linaacha tundu ambalo hutalificha.

Kilo moja ya maganda makavu hutoa karatasi kama 50 nzito za A4. Usishangae ukilazimika kukata mashina mengi kupata kilo hiyo, kwa kuwa shina bichi karibu lote ni maji.

Sufuria yangu imetoa povu jingi, ikawa nyeusi, na maji yakawa ya kijivu. Soda ilikuwa mbovu? (Mama, Bagira)

Soda ilikuwa nzuri, mama, sufuria ndiyo haikufaa. Soda kostiki hula alumini na kutoa hewa inayowaka kwa urahisi, nayo sufuria nyingi za sokoni ni za alumini. Maji ya majivu nayo hufanya hivyo, ila polepole. Tumia chuma cha pua, sufuria ya enameli isiyo na ufa, au pipa la chuma lililokatwa. Hiyo iliyoliwa usiipikie tena chakula.

Nilibandika mchanga mweusi wa volkano kwenye kartoni ili kuonyesha Nyiragongo. Kartoni imepinda kama mtumbwi na mchanga unaanguka kila picha ikiguswa. (Mwalimu, Goma)

Mwalimu, tatizo lako lilianza kabla ya mchanga. Gundi ina maji, na karatasi ikinywa maji upande mmoja tu, upande huo hutanuka, kisha ukikauka hujikunja kuliko mwanzo na kuvuta kartoni. Dawa ni kuipa kartoni kazi ileile pande zote mbili: siku unayobandika karatasi ya mbele, bandika nyingine ya uzito uleule mgongoni, kwa gundi ileile. Ilaze picha nzima kati ya plastiki mbili, juu weka ubao na mawe ya kilo 10, uache mpaka kesho. Kwa picha yenye mchanga tungeacha kartoni kabisa na kuchukua tripleksi (ubao mwembamba wa tabaka) ya milimita 4. Mchanga wa volkano una uzito, na kartoni hulegea chini yake hata isipopinda.

Mchanga wenyewe unaanguka kwa sababu ya vumbi. Gundi hushika vumbi, vumbi halishiki punje. Chekecha, osha mpaka maji yawe safi, kausha juani siku nzima. Paka gundi nyeupe ya maseremala bila kuizimua, unene wa milimita 1, mwaga mchanga mwingi, gandamiza kwa kiganja kilichofunikwa na plastiki. Acha saa 24 kabla ya kuinamisha na kukung'uta. Sehemu ya pili, kama unataka mlima uinuke, ije kesho yake. Safu mbili nyembamba hushika kuliko moja nene, ambayo hukauka juu na kubaki uji ndani.

Maua mekundu niliyobandika yamekuwa kahawia ndani ya miezi miwili. Kuna dawa ya kupuliza? (Dada, Ibanda)

Hakuna itakayokuridhisha. Wekundu wa ua na ukijani wa jani huvunjwa na mwanga, na vanishi ya kawaida haizuii mwanga. Unachoweza ni kuchelewesha: kausha ndani ya magazeti chini ya kilo 10, badilisha magazeti kila siku kwa siku tatu za kwanza, acha siku kumi, halafu tundika picha mbali na dirisha.

Ushauri wetu ni kubadili rangi unazozitegemea. Jani la mgomba lililokauka mtini lina rangi ya dhahabu, kahawia na karibu nyeusi, na hazikimbii upesi. Lilowanishe kidogo, likwangue kwa mgongo wa kisu, lipige pasi ya makaa yenye moto wa wastani. Ongeza maganda ya mahindi kwa rangi ya maziwa, maganda ya mayai kwa nyeupe, udongo mwekundu uliochekechwa na kuchanganywa na gundi kwa wekundu ule uliokuwa ukiutafuta kwenye ua.

Ukungu na wadudu vimekula picha ya maharage. (Msomaji, Panzi)

Wadudu walikuwa tayari ndani ya punje ulipobandika. Siku ya jua kali, tandaza maharage safu moja juu ya plastiki nyeusi, funika na plastiki inayopitisha mwanga, bana kingo kwa mawe, acha hadi jioni. Joto la humo linaua mayai yao.

Ukungu unafuata wanga. Kama gundi yako ni uji wa muhogo, pika wa siku hiyo tu (unga kijiko 1, maji vijiko 7, koroga ukiwa baridi kwanza), na ukianza kunuka uchachu mwaga. Msimu huu tungetumia gundi nyeupe. Kabla ya kufunga fremu, gusa picha kwa shavu: ikiwa ya baridi, ndani bado kuna maji.

Mifuko ya simenti inafaa kwa rojo? (Fundi, Nyawera)

Inafaa mno, nyuzi zake ni ndefu. Toa plastiki ya ndani, kung'uta nje ya nyumba ukiwa umefunika pua, vaa glavu kwa sababu simenti huchoma ngozi, loweka siku mbili. Mifuko sehemu 7 na mgomba sehemu 3 hutoa karatasi ngumu ya kubebea mchanga.

Na manyoya ya kasuku? (Kijana, Kadutu)

Hapana. Kasuku wa kijivu yuko kwenye Orodha ya Kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, na picha yenye manyoya yake inaweza kukamatwa mpakani. Vivyo hivyo usichukue hata jani ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega. Manyoya ya jogoo yanatosha. Yaoshe kwa sabuni, yakaushe kivulini, na uyabandike kwenye shina la unyoya tu, si upana wote, yabaki na uhai.