Mota ya volti 2.55 kwenye adapta ya volti 24: je, itaungua?

SWALI: Jambo sana, Injinia. Mimi ni fundi seremala hapa Kadutu, Bukavu. Najitengenezea mashine ya kuchonga maua na majina kwenye mbao, yenye mota tatu za hatua za ukubwa wa NEMA 17. Mota zimeandikwa ampia 1.7, omu 1.5, milihenri 2.8. Natumia draiva za A4988 (vibao vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha mota) na adapta ya volti 24. Mashine inafanya kazi vizuri dakika chache, halafu mota moja inalegea, inanyamaza kidogo, inarudi tena, na mchoro wote unaharibika. Rafiki yangu fundi redio anasema volti 24 ni nyingi mno, maana 1.7 mara 1.5 ni volti 2.55 tu. Nimeshusha hadi volti 12, lakini sasa mota zinakwama nikiongeza mwendo, na kule kulegea hakujaisha. Nifanye nini?

JIBU: Jambo sana, ndugu fundi. Rudisha adapta yako ya volti 24.

Hesabu ya rafiki yako ni sahihi kwa mota iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri: volti 24 ukigawanya kwa omu 1.5 unapata ampia 16, na koili, yaani nyaya zilizosokotwa ndani ya mota, zingeungua. Lakini kati ya adapta na mota yako kuna A4988, nayo haipitishi umeme ovyo. Inaifungulia koili volti zote 24, inapima mkondo kupitia rezista ndogo iliyo kwenye ubao wake, na mkondo ukifika kiwango ulichokiweka inakata. Baada ya sehemu ndogo sana ya milisekunde inafungua tena. Hufanya hivyo maelfu ya mara kila sekunde, ndiyo maana huitwa draiva ya chopa, yaani inayokatakata umeme. Kwa hiyo volti haziamui tena ni ampia ngapi zitapita. Zinaamua mkondo utapanda haraka kiasi gani.

Na haraka hiyo ndiyo unayoihitaji. Koili ni nzito kuondoka kama chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa viazi: ukitaka iende mara moja, lazima uisukume kwa nguvu. Tuchukue mota yako inayozunguka mara 5 kwa sekunde. Ina hatua 200 kwa mzunguko, kwa hiyo kila hatua inapewa milisekunde 1 tu. Kwa volti 2.55, ndani ya milisekunde hiyo mkondo ungefika kama ampia 0.7, hata nusu ya kiwango haijafika. Kwa volti 12 unafika ampia 1.7 kwa takriban milisekunde 0.45, kwa volti 24, kwa 0.21. Na hapo bado sijahesabu volti ambazo mota huzalisha yenyewe ikizunguka, ambazo hupinga umeme unaoingia. Ndiyo sababu uliposhusha volti, mwendo ulikwama. Mpaka wako ni draiva yenyewe: A4988 inavumilia volti 8 hadi 35.

Sasa kulegea. Dalili uliyoieleza, kufanya kazi, kunyamaza, kurudi, mara nyingi ni ya draiva iliyopata joto kupita kiasi na kujizima ili isife. Nadhani umeiweka kwenye ampia 1.7 kwa sababu ndivyo mota ilivyoandikwa. Namba hiyo ni kikomo cha mota, hulazimiki kuifikia. A4988 isiyo na kipande cha alumini cha kupozea hubeba takriban ampia 1 kwa kila koili. Ampia 2 inahitaji ipozwe vizuri. Anza na ampia 1.2, gundisha alumini juu ya chipu, weka feni ndogo. Karakana yako ina vumbi la mbao, basi elekeza feni ivute hewa kutoka upande ulio mbali na msumeno na uisafishe mara kwa mara.

Kuweka ampia 1.2 ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanaiga namba ya mtu mwingine. Kanuni ya A4988 ni hii: volti ya rejea (ile utakayoipima kwenye skrubu ndogo ya ubao) ni sawa na 8 mara ampia mara omu za ile rezista ya kupimia. Tafuta rezista mbili bapa karibu na chipu. Zikiwa zimeandikwa R100 ni omu 0.1, na volti ya rejea itakuwa 0.96. Zikiwa R068, ni 0.65. Zikiwa R050, ni 0.48. Ona hatari yake: anayesoma 0.96 mahali fulani na kuiweka kwenye ubao wa R050 ameomba ampia 2.4. Na ukibadilisha draiva kuwa DRV8825, kanuni ni nyingine: kwa rezista za R100, volti ya rejea ni nusu ya ampia, yaani 0.6.

Washa volti 5 za upande wa akili (zinazolisha chipu, si mota) peke yake, acha zile 24 zimezimwa. Waya hasi wa multimita kwenye GND (pini ya hasi), waya chanya kwenye skrubu ndogo ya ubao. Zungusha skrubu taratibu mpaka usome ile volti ya rejea, kwa bisibisi ya plastiki kama unayo, maana ya chuma ikiteleza inaweza kuunganisha vitu visivyopaswa kugusana.

Usipime ampia kwenye waya wa adapta ukadhani ndizo za mota. Mota ikiwa imesimama, adapta inaweza kutoa chini ya robo ya ampia huku koili zikibeba karibu ampia moja. Na kwenye hatua nzima (draiva isipoigawa hatua vipande vidogo), koili hubeba kama 70% tu ya kiwango ulichoweka. Hakuna kilichoharibika.

Jambo moja hukuuliza, lakini ndilo huua draiva nyingi: weka kapasita ya mikrofaradi 100 au zaidi kati ya VMOT (pini inayoingiza volti 24) na GND, karibu kabisa na draiva. Waya ndefu za adapta huzalisha mruko wa volti unapowasha, na mruko huo unaweza kuvuka 35. Kama umeme wa mjini ukikatika unahamia kwenye betri mbili za gari, kumbuka kwamba zikichajiwa hupanda hadi karibu volti 29. Kapasita ya volti 25 iliyotolewa kwenye redio ya zamani haifai, tafuta ya 50. Na usichomoe waya wa mota kamwe umeme ukiwa umewaka, hata kwa sekunde moja.

Mota ikipata joto mpaka huwezi kuiacha mkono juu yake, usiogope. Nyingi za aina hii huvumilia takriban 80 °C kwenye gamba. Lakini kama kishikio chake ni cha plastiki, shusha hadi ampia 1. Ukimaliza haya yote na mota ile ile bado inalegea, badilishana draiva yake na ya mota jirani: tatizo likihamia kwa jirani, draiva hiyo imeumia, likibaki pale pale, kagua waya na viungio vya mota hiyo.