Kabla hujabeba bomba, geuza jani kwanza (kwa mnaoanza mboga)

Habari zenu wakulima wenzangu, hasa nyie mnaoingia msimu wa kwanza. Mi nalima kabichi na sukuma huku Lushoto na swali ninaloulizwa kila wiki ni lile lile, kaka wadudu mafuta (vidukari) wamejaa nipige dawa gani? Huwa nawajibu geuza jani kwanza uniambie unaona nini pale chini.

Nasema hivo sababu msimu wangu wa kwanza nilikuta kwenye sukuma vidudu vyeusi virefu vyenye madoa ya machungwa, miguu sita, vinatembea haraka kama mamba mdogo, nikajua hawa ndo wanamaliza majani. Nikawaminya kwa vidole mstari mzima, afu duka la pembejeo wakanipa dawa kali ya kuua kila kitu nikapiga shamba lote. Siku tatu shamba safi. Wiki ya pili vidukari wamerudi wengi kuliko mwanzo, majani yamejikunja, yananata, yameanza ukungu mweusi, nikapiga tena, wakarudi tena. Nilipoteza karibu nusu ya sukuma ile na hela ya dawa juu.

Wale weusi walikuwa watoto wa ledibedi, yule mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu au wa njano na madoa meusi. Mkubwa kila mtu anamjua, ila mtoto wake hafanani naye kabisa na yeye ndo mlaji mwenyewe, mpaka ageuke kuwa mkubwa anakuwa ameshakula vidukari mia kadhaa. Siku moja nilikaa na jani moja mkononi nikamwangalia, anamkamata kidukari, anamwinua kidogo miguu inaelea hewani, anamnyonya mpaka inabaki ngozi, anaiacha anashika mwingine hapo hapo. Mayai yake ni ya njano, yamesimama wima yamebanana kama punje za mtama chini ya jani, ukiyaona usiguse hilo jani.

Sasa kitu kinachowashinda wengi ni kusubiri. Kidukari jike anazaa bila dume, anazaa watoto wazima sio mayai, na mtoto ndani ya wiki moja hivi naye anazaa. Ledibedi toka yai mpaka mkubwa ni wiki tatu nne hivi kwa baridi yetu huku, kwahiyo mwanzoni lazima vidukari watangulie, na ndo hapo watu wanaogopa wanabeba bomba wanaua walinzi wakati ndo kwanza wameanza kazi, na vidukari wachache waliojificha wanabaki peke yao bila adui. Mi napita jumatatu na alhamisi, naangalia mimea ishirini, nikikuta kwenye jani kuna watoto wa ledibedi, au kijiruba cha kijani kisicho na miguu (huyo ni mtoto wa yule nzi mwenye mistari ya njano anayesimama hewani), au vidukari waliovimba wakawa kahawia wagumu kama shanga, hao wameshatagiwa na nyigu wadogo sana, basi naacha siku nne tano. Nikikuta vidukari tu na hakuna mwingine, nawaminya au nawaosha kwa maji ya nguvu, na ikibidi sabuni au mwarobaini napiga ule mche tu, jioni, sio shamba zima.

Kabichi muwe makini, kagueni kabla haijafunga, sababu kidukari akishaingia katikati na majani yakafunga hata ledibedi hamfikii.

Sisimizi nao msiwadharau. Wanakunywa ule utamu unaotoka kwa vidukari kwahiyo wanawalinda kama ng'ombe wao, wanawafukuza ledibedi. Nilikuwa na mistari miwili karibu na kichuguu chao vidukari hawamaliziki kabisa, nilipofukua kile kichuguu na kumwaga maji ya moto hali ikabadilika msimu ule ule. Na urea punguzeni jamani, jani laini lililokolea mbolea vidukari wanalipenda mno.

Pembeni acheni giligilani itoe maua, msing'oe yote mkapeleka sokoni. Yule nzi wa mistari akiwa mkubwa hali vidukari, anakula utamu na chavua ya maua, akikosa maua anaenda kutaga kwa jirani.

Ukitaka kuwahamisha ledibedi toka shamba lenye wengi, kata jani lenye watoto asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, beba kwenye chupa yenye matundu pamoja na vidukari wa kutosha maana wakikosa chakula wanakulana wenyewe, afu ukifika lilaze lile jani juu ya mche wenye vidukari, watashuka wenyewe.