Mkataba umeisha, kafili hataki kuniachia: nikitoroka swala zangu hazikubaliwi?

SWALI: Assalamu alaikum sheikh. Nafanya kazi za ndani Saudia. Mkataba wangu wa miaka miwili umeisha, lakini kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini, hataki kunitolea ruhusa ya kutoka nchini. Anasema alilipa ofisi ya wakala iliyonileta pesa nyingi na hajapata wa kushika nafasi yangu. Pasipoti ameifungia kabatini, na mshahara wa miezi minne sijapewa. Nilipomwambia mama wa nyumba kwamba nitaondoka, akanisomea hadithi kuwa mtumwa akitoroka swala yake haikubaliwi. Tangu siku ile, nikisimama kuswali kwenye chumba cha kufulia natetemeka. Je, ni kweli?

JAWABU: Wa alaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, nianze na hiyo hadithi, maana ndiyo iliyokuumiza. Ni sahihi, ameipokea Imamu Muslim kutoka kwa Jarir (R.A.). Lakini inamzungumzia mtumwa, na wewe si mtumwa. Wewe ni ajiri, yaani mfanyakazi wa ujira. Ijara katika fiqhi ni kazi inayojulikana, kwa muda unaojulikana, kwa ujira unaojulikana. Kafili alinunua kazi ya mikono yako kwa miaka miwili, shingo yako hakuinunua. Muda umekwisha, na haki yake kwako imekwisha. Alizolipa ofisi ni hesabu yake na ofisi.

Hadithi inayomhusu yeye iko kwa Bukhari: Mwenyezi Mungu anasema kuwa watu watatu atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Mmoja ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Mwingine ni aliyemwajiri mtu, akatimiziwa kazi, asimpe ujira wake. Tazama wawili hao walivyowekwa pamoja, dada yangu. Mimi kila nikiisoma nasimama hapo.

Wala hujaanza wewe kudhulumiwa ugenini. Kabla ya Utume, mtu wa Zubayd kutoka Yemen aliuza bidhaa Makka, na Al-As bin Wail akakataa kumlipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo pale. Akapanda mlima Abu Qubays akalia kwa sauti, Maquraishi wakiwa wamekaa kando ya Kaaba. Ndipo baadhi yao wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an wakaapa kumsimamia aliyedhulumiwa, na haki yake ikarudi. Mtume (S.A.W.) alihudhuria kiapo kile, na baadaye akasema lau angeitwa kwa mfano wake katika Uislamu, angeitika. Kwa hiyo kupaza sauti si utovu wa adabu. Aya ya 148 ya Sura An-Nisaa inamruhusu aliyedhulumiwa kuutaja ubaya aliotendewa.

Sasa namna ya kutoka. Sheria ya Saudia inamkataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi. Lakini mageuzi ya Machi 2021, yaliyowaruhusu wageni wengi kuondoka bila idhini ya kafili, hayakuwagusa wafanyakazi wa ndani. Ukitoka mlangoni bila mpango, anaweza kukuandikisha huruub, yaani mtoro, na safari ikawa ngumu zaidi. Basi piga simu ubalozi wa nchi yako kwanza, uwape tarehe ya mkataba na idadi ya miezi unayodai. Kama ulikwenda kwa njia rasmi, mkataba wako umo kwenye Musaned, mfumo wa serikali ya Saudia wa mikataba ya wafanyakazi wa ndani. Piga picha iqama yako, yaani kibali chako cha ukaazi, umtumie ndugu yako nyumbani. Usiruke dirishani wala ukutani, nakuomba sana. Na usichukue kitu chochote cha nyumba ile ukisema unajilipa: wako wanazuoni wanaolijadili hilo kwa hadithi ya Hindi bint Utba, aliyeruhusiwa na Mtume (S.A.W.) kuchukua matumizi yake na ya watoto wake katika mali ya mumewe aliyekuwa bahili, lakini kwako litageuzwa kesi ya wizi.

Ikiwa unapigwa au unahofia heshima yako, usingoje. Kimbilia ubalozini au polisi, huna dhambi.

Na swala ulizoswali chumba cha kufulia ukitetemeka, usizirudie hata moja.