Jibu: Sahani za bibi zenye ukingo wa dhahabu

Dada, umeuliza kama jiki itatoa madoa kwenye sahani kuukuu za bibi yako. Usithubutu! Jiki hula ung'avu, na stiliwaya hung'oa ile dhahabu. Tandika taulo ndani ya beseni, tia maji vuguvugu na sabuni kidogo, osha moja moja.

Kisha geuza moja utazame kitakoni (hapo ndipo utamu ulipo). Muhuri wa Maastricht? Imetoka Uholanzi, sahani kama hizo zililetwa sana pwani yetu. Ikiandikwa "England", kwa kawaida ni ya 1891 au baadaye. Nyufa nyembamba kama nywele zisikutishe, ila usipakulie mchuzi humo, bizari itaingia. Mimi ningezipanga kwenye zidaka (vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo), kama nyumba ya bibi bado inazo.