Ukishasema "utalii umekua", niambie huyu mgeni kaletwa na nini

Kila msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ofisi za safari za Arusha hupokea vijana wapya, na kila kundi huja na sentensi ileile: "Utalii wa dunia umekua kutokana na maendeleo ya sayansi na teknolojia, kuongezeka kwa kipato na kuboreshwa kwa miundombinu." Sawa, kwenye mtihani ulipata alama. Sasa fungua barua pepe ya mama wa Chicago anayetaka Serengeti, Ngorongoro na Zanzibar ndani ya siku nane, uniambie ni ipi kati ya sababu hizo tatu inayomnyima siku ya tisa. Hapo kalamu hukauka.

Wadogo zangu, hizi sababu mlizikariri kama orodha, lakini ofisini huingia moja moja, kila moja na mteja wake. Ina idadi ya siku, ina uzito wa begi, ina saa ya kutua. Usipoitambua utampangia Mjerumani safari ya Mmarekani, na malalamiko atayapokea dereva, ambaye hakuandika hata mstari mmoja wa ile ratiba.

1. Anza na likizo. Ndege baadaye.

Watu hukimbilia injini za jeti kwa sababu zinapendeza kusimulia. Lakini asiye na ruhusa kazini hapandi ndege hata ukimpa tiketi bure. Ufaransa iliwapa wafanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo mwaka 1936; zikawa tatu 1956, nne 1969, tano 1982. Agizo la Umoja wa Ulaya la 1993 liliweka wiki nne kuwa kiwango cha chini. Marekani mpaka leo haina sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri kumlipa mtu akiwa likizo.

Rudi sasa kwenye kotesheni yako, ile ratiba na bei unayomwandikia mteja. Mfaransa au Mjerumani anaweza kuja na siku kumi na nne, akashuka taratibu kwa gari kutoka Tarangire hadi Serengeti, kisha akajitupa Zanzibar wiki nzima. Mmarekani ana pesa, hana siku. Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni kilomita 300 na ushee, saa saba au nane, na ukishapita lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro kinachokungoja ni vumbi na mtikisiko. Kwa Mjerumani hiyo ni sehemu ya safari, tena atasimamisha gari mara kumi apige picha. Kwa Mmarekani ni siku moja kati ya nane imeliwa na barabara. Mpandishe ndege ndogo.

Ukishampandisha ndege ndogo, kumbuka begi. Ndege kubwa ilimruhusu kilo 23 au zaidi. Caravan, ile ndege ndogo ya kwenda Seronera, inamruhusu 15, begi laini, na la mkononi linahesabiwa humohumo. Vijana wengi hujibu, "Sanduku kubwa ataliacha hotelini Arusha." Ataliacha, halafu? Ratiba yako inamtoa Serengeti moja kwa moja hadi Zanzibar. Yeye yuko ufukweni Nungwi, Zanzibar, na buti za vumbi, nguo za kuogelea ziko stoo ya hoteli Arusha. Swali la begi huulizwa kabla ya kotesheni.

Na Mjerumani mwenye watoto muulize anatoka jimbo gani, maana shule za kule hazifungi tarehe moja nchi nzima.

2. Jeti ilifika mapema. Watalii hawakufika nayo.

Mei 2, 1952 ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba, Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, iliondoka London kwenda Johannesburg, na kituo chake kimojawapo kilikuwa Entebbe. Kwa hiyo Afrika Mashariki iliiona jeti ya abiria tangu safari yake ya kwanza. Je, hoteli zilijaa? Hazikujaa, kwa sababu ndege ile ilikuwa na viti 36 tu. Mafuta, marubani, ada za kutua, vyote vinagawanywa kwa vichwa 36, na nauli inabaki ya matajiri na maofisa wa serikali.

Kilicholeta umati ni ule mgawanyo. Boeing 707 ilianza kuvuka Atlantiki 1958, na Januari 1970 Boeing 747 ikaanza kazi ikiwa na viti zaidi ya 300. Gharama ya safari moja ilipanda, ya kiti kimoja ikashuka. Kisha sheria zikalegea: Marekani mwaka 1978 ilipitisha sheria ya kuacha kuyapangia mashirika njia na nauli za ndani ya nchi, na Ulaya ikamaliza kufungua soko lake la ndani mwaka 1997, shirika la nchi moja likaruhusiwa kuruka hata ndani ya nchi nyingine mwanachama. Ukiandika "teknolojia" ukaziacha sheria, umeandika nusu.

Kiti kitupu hakiwekwi ghalani. Mlango ukifungwa kimeoza. Ndiyo maana nauli hubadilika kutwa mara kadhaa, na ndiyo maana hutakiwi kuweka bei ya tiketi ya kimataifa kwenye kotesheni kama hujaishikilia.

3. Mpaka ukifungwa, mengine yote yanalala.

Japani iliwaruhusu raia wake kusafiri nje kwa matembezi tangu Aprili 1964, tena mwanzoni mara moja kwa mwaka na dola 500 mkononi. Korea Kusini ililegeza kabisa 1989. Watu wale walikuwa na kipato na ndege zilikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa. Ukitaka mfano wa nyumbani, kumbuka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya hadi 1983. Kabla ya hapo wageni wengi wa Serengeti na Ngorongoro walitua Nairobi wakaja kwa magari. Hakuna teknolojia iliyopungua mwaka ule, wala simba hawakuhama, lakini lodji za kaskazini zilibaki na wahudumu bila wageni.

Sasa yale ya kila mwaka. Kijana anafungua ramani, anaona Maasai Mara na Serengeti zimegusana, anaandika: "Siku ya 4, baada ya kifungua kinywa tutavuka kuingia Serengeti kwa gemu draivu," yaani kuzunguka kwa gari kuangalia wanyama. Nyumbu huvuka pale. Watalii hawapiti Bologonja, lango la mpakani hapo. Huzunguka hadi mpaka wa Isebania na Sirari, hugonga mihuri pande zote mbili, kwa kawaida hubadilisha gari mpakani, na hapo siku imekwisha. Ukiandika gemu draivu ya jioni siku hiyo unamuuzia mgeni kitu ambacho hakipo.

Viza ya pamoja ya 2014, ya dola 100 na siku 90, ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo, acheni kuiandikia wageni wa Serengeti. Anayekuja Zanzibar kutoka nje ana bima ya lazima ya dola 44 tangu Oktoba 1, 2024, hata kama ana bima ya kwao. Anayeunganisha ndege Addis Ababa au Nairobi na kukaa zaidi ya saa 12, muulize kadi ya homa ya manjano.

4. Tarakimu. Hapa tutubu wote.

Mnajua kwamba mwaka 1950 wageni wa kimataifa walihesabiwa kuwa milioni 25, na 2019 wakakaribia bilioni 1.5, kwamba 2020 walianguka kwa zaidi ya asilimia 70, na 2024 wakarudi kwenye bilioni 1.4 hivi. Tanzania nayo: 1,527,230 mwaka 2019, 620,867 mwaka 2020, 2,141,895 mwaka 2024. Mkiziona mnatabasamu. Sisi wa zamani tulitabasamu pia, halafu tukaenda benki.

Dhambi yetu ilikuwa hii: tulisoma "waliofika" tukadhani ni "watakaolala kwetu". Ni dhambi ya biashara nzima, hakuna ofisi ya kuinyooshea kidole. Taarifa ikitoka kwamba wageni wameongezeka kwa asilimia kumi, kila mtu anaongeza magari kwa asilimia kumi, anaomba vyumba zaidi kwenye lodji, anaajiri. Miezi minane baadaye Land Cruiser mpya zimepangwa uani zimefunikwa maturubai, na marejesho ya mkopo hayajui kwamba ni masika.

Tulikosea wapi? Kwanza, kinachohesabiwa ni mfiko, si mtu. Mgeni mmoja akitua Kenya, akaja Tanzania, akamalizia Rwanda, dunia imemhesabu mara tatu. Pili, "mtalii" wa takwimu ni mtu yeyote aliyelala nje ya kwao angalau usiku mmoja, chini ya mwaka, bila kuajiriwa kule alikokwenda. Shangazi aliyekuja Moshi kutoka Nairobi kwenye harusi ni mtalii. Mfanyabiashara wa Bujumbura aliyelala Kariakoo siku mbili ni mtalii. Miaka ya karibuni Kenya na Burundi ziko juu kabisa kwenye orodha ya nchi zinazoleta wageni Tanzania, na wengi wao hawajawahi kuomba lanchi boksi. Kwa upande mwingine, abiria wa meli aliyeshuka Mombasa asubuhi, akatembea Fort Jesus, akarudi kulala melini, si mtalii kwa hesabu hiyo. Ni mgeni wa kutwa, japo alinunua vinyago vitatu.

Fanyeni hesabu hii, tarakimu ni za mfano tu. Wageni 1,000 wamekuwa 1,100. Kati ya wale 100 wapya, 60 wamepita mpakani kwa basi kuwaona ndugu au kufanya biashara. Wengine 25 wametua Zanzibar na kuondokea Zanzibar. Wamebaki 15. Wapange watano kwa gari: safari tatu. Kila safari siku sita: siku 18 za gari. Gari linalotunzwa vizuri linaweza kufanya kazi siku 200 kwa mwaka. Ongezeko lote lile limekupa kazi isiyofika hata sehemu ya kumi ya gari moja. Nasi tulinunua mawili.

Vyumba viliuma zaidi ya magari. Gari utalikodisha kwa ofisi nyingine. Chumba ulichokishikilia Kogatende, kaskazini mwa Serengeti kando ya mto Mara, kwa Agosti, ukakilipia arubuni, ukapitisha tarehe ya kukirudisha kwa sababu ulijiambia "wataongezeka tu", hakikodishwi kwa mtu. Pesa imekwenda na maji ya Mara. Kinachochoma roho ni kwamba jedwali la pili la taarifa ileile lilikuwa limeandika kila kitu: madhumuni ya safari, nchi, njia ya kuingilia, wastani wa usiku. Tulisoma ukurasa wa kwanza tu, ule wenye picha ya twiga.

Kwa hiyo taarifa ikitoka, ruka jumla kwanza. Tafuta waliokuja kwa mapumziko, toa waliokwenda Zanzibar peke yake, zidisha kwa usiku, kisha linganisha na walioingia milango ya hifadhi. Usijumlishe tarakimu za Zanzibar na za Tanzania, maana mgeni yuleyule yuko kwenye daftari zote mbili. Wala usimdharau Mkenya eti ni wa harusi: siku akitaka Ngorongoro, mwandikie kiwango cha raia wa Afrika Mashariki kwa shilingi. Ukimtumia bei ya dola hatakujibu, na atawaambia wenzake.

5. Mtandao.

Mgeni ameshaona ada za hifadhi kabla hajakuandikia, kwa hiyo usimwongopee. Ameshaona pia picha ya nyumbu wakivuka mto Mara, na hilo mwambie ukweli kwa maandishi: kati ya Julai na Oktoba uwezekano ni mkubwa upande wa kaskazini, lakini hakuna anayeweza kumwahidi siku, sembuse saa.

6. Saa.

Utalii uliokua kwa ndege kubwa na vituo vikubwa vya kuunganishia, Doha, Dubai, Istanbul, Addis Ababa, unatua na kuondoka saa za ajabu, na hapo ndipo mnapotuangusha kila mwezi. Aliyetua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, saa tatu usiku huanza safari kesho yake, na si alfajiri. Kwenye vocha, ile karatasi ya maelekezo anayopewa dereva, andika 21:00, maana ukiandika "saa 9" ukifikiria Kiingereza, dereva atakuwa uwanjani saa tisa alasiri na bango lake, na mgeni bado yuko angani.

La mwisho, tiketi iliyoandikwa tarehe 14, saa 01:10. Mgeni anatakiwa kuwa uwanjani usiku wa tarehe 13. Kijana husoma "14", anampangia kulala tarehe 13, chakula cha jioni cha kuagana, gari la uwanjani tarehe 14 saa nne usiku. Ndege yake imeshaondoka kama saa 21 zilizopita. Kila tiketi yenye saa kati ya 00:00 na 04:00, ichore duara jekundu, mwandikie mgeni siku ya juma pamoja na tarehe: "Utatoka hotelini Jumanne usiku, tarehe 13, saa 21:30." Kisha mpigie dereva, umsikie akiirudia kwa mdomo wake.