Kwa anayeanza kutengeneza heda: pima katikati ya bomba

Kama ndiyo unaanza kutengeneza heda za ekzosi, yaani mabomba yanayotoa moshi kwenye kila silinda na kuuunganisha, weka grainda chini kwanza ujibu swali moja: injini hii itafanya kazi zaidi kwenye mizunguko mingapi? Gari la rali linalochomoka kwenye kona za vumbi linataka nguvu mapema, tuseme kuanzia 4,000 kwa dakika. La mbio za lami linaweza kukaa juu ya 7,000 muda wote. Bomba refu hulifaa la kwanza, fupi hulifaa la pili.

Sababu ni wimbi. Valvu ya ekzosi ikifunguka, wimbi la shinikizo hukimbia ndani ya bomba. Likifika kwenye kolekta, pale mabomba yanapokutana na njia kupanuka ghafla, hugeuka na kurudi likiwa wimbi la kunyonya. Likiikuta valvu ya ekzosi haijafunga na ya kuingiza hewa imeshaanza kufunguka, linavuta moshi uliobaki kwenye silinda na kuikaribisha hewa mpya kabla pistoni haijaanza kushuka. Lisipowahi, faida hiyo hupati.

Kwenye moshi wa moto wimbi hilo huenda kama mita 550 kwa sekunde. Injini ikiwa 6,000, krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, huzunguka nyuzi 36 kwa kila elfu moja ya sekunde. Ukikosea urefu kwa sentimita 5 tu, kwenda na kurudi ni sentimita 10, na wimbi limekosa wakati wake kwa nyuzi 6 na nusu hivi.

Hilo nililijua kwenye karatasi, kazini nikalikosa. Heda zangu za kwanza zilikuwa za 4A-GE, ile injini ya Toyota ya lita 1.6. Nilipima kwa futi ya utepe, nikiipitisha mgongoni mwa kona. Chukua bomba la milimita 42, kona ya nyuzi 90 yenye nusu kipenyo cha milimita 60 katikati: urefu wa katikati ni milimita 94, wa mgongoni ni 127. Kwa hiyo bomba langu lenye kona tatu lilikuwa fupi karibu sentimita 10 kuliko nilivyodhani, na lenye kona moja sentimita 3. Silinda nne, kila moja na wimbo wake. Gari likawa zito likitoka kwenye kona, likichangamka mizunguko ikishapanda. Siku hizi nahesabu kila kona kivyake, nusu kipenyo cha katikati, kisha najumlisha vipande vilivyonyooka. Naongeza pia njia ya moshi iliyo ndani ya hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, maana safari ya wimbi inaanzia kwenye valvu.

Manifodi ya hewa, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda, ni hivyo hivyo: pima kutoka kwenye valvu. Ila hewa yake ni baridi, wimbi huenda taratibu zaidi, kwa hiyo usinakili vipimo vya ekzosi. Mdomo wa kuingizia hewa uviringe vizuri, usiuache na ukingo mkali.

Kwa rali napenda nne-mbili-moja: mabomba manne yanaungana kuwa mawili, kisha moja. Injini ambayo silinda zake huwaka kwa zamu ya 1-3-4-2, unganisha 1 na 4, halafu 2 na 3. Na usivutwe na bomba nene kwa sababu linapendeza. Moshi unapoteza kasi humo.

Wengine huniuliza kama gari la Mombasa likipanda Nairobi heda zibadilishwe. Hapana. Hewa ya juu ni nyepesi, hivyo mafuta lazima yarekebishwe, lakini kasi ya wimbi inafuata joto, si shinikizo.

Joto lenyewe liheshimu. Sentimita 70 za chuma kisichoshika kutu, zikipanda nyuzi 600, hurefuka kama milimita 7. Ukizichomelea zote bila kuacha kiungo kinachoteleza, zitapasuka karibu na flanji, lile bamba linalofunga heda kwenye hedi. Na flanji ifunge kwa bolti kwenye hedi kuukuu kabla ya kuchomelea chochote, uiache humo hadi ipoe kabisa. Ukiifungua ingali na moto uso wake unapinda, na gasketi haitakaa.