Mto wa shilingi 85,000 na kiti cha kinyozi

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, umri miaka 44. Kila nikiamka shingo imekaza upande wa kushoto, nikitaka kugeuka nageuka mwili mzima. Nalalia ubavu, mito miwili ya sufi. Kinyozi wangu hunivunja shingo kila Jumamosi, yaani huisokota ghafla mpaka ilie, napata nafuu mpaka Jumatatu hivi, halafu inarudi. Yeye anasema pingili zinahama usiku kwa sababu ya mto, nilale bila mto kabisa. Dukani nako wana mto wa kunyoosha shingo, 85,000. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, fundi, ila mimi ni mtu wa fiziotherapia tu, udaktari umenipa bure. Usimsikilize yeyote kati ya hao wawili.

Nianze na mto, maana huo ni mwepesi. Mto haunyooshi shingo. Unaziba pengo lililopo kati ya kichwa na godoro, basi. Anayelala chali pengo lake ni dogo. Wewe wa ubavu pengo lako ni upana wa bega zima, kwa hiyo ukiutupa mto utakuwa umekining'iniza kichwa cha kilo tano hivi mpaka alfajiri. Hiyo mito miwili nayo, wa juu huteleza, na kufika saa nane za usiku unalalia mmoja na nusu.

Kwa watu wazima wengi wanaolala ubavu, kimo kinachofaa ni kama sentimita 10 hadi 15, lakini kipimwe kichwa kikiwa juu yake, maana mto ulioshiba dukani unaweza kuwa chapati ukishaulalia. Godoro nalo lina neno. Kama kitanda chako ni kile cha kamba, teremka-tukaze ambacho hakuna aliyeteremka kukikaza tangu mwaka jana, bega linazama na mto unatakiwa uwe mfupi zaidi. Godoro gumu, mto mrefu zaidi. Mwambie mama watoto akupige picha kwa nyuma ukiwa umelala: mstari wa kisogo na uti wa mgongo uwe mmoja, usipinde kuelekea dari wala sakafu.

Na huo wa sufi usiudharau. Uanike juani, ufumue mshono wa ubavuni, uchambue madonge, kisha toa au ongeza konzi moja moja mpaka picha ikae sawa. Wewe fundi, mshono huo ni kazi ya dakika mbili. Mito mingi ya dukani haikubali kupunguzwa hivyo. Bega libaki kwenye godoro, lisipande juu ya mto. Na mto wa pili ukumbatie, ili bega la juu lisianguke mbele na kuivuta shingo.

Sasa huyo kinyozi. Hapa naomba uniwie radhi, maana hadithi hii ya pingili kuhama nimeisikia mpaka nimechoka.

Pingili ya shingo haihami kwa sababu ya mto. Ambaye pingili yake imehama kweli, kwa kawaida ameanguka kutoka juu ya mnazi au ametupwa na bodaboda, na analetwa amelazwa kwenye ubao. Haji saluni kwa miguu yake kunyoa. Ule mlio unaokufurahisha ni gesi iliyomo ndani ya ute wa maungio: ungio likivutwa ghafla, kinatokea kiputo, unasikia "ka!". Vidole vyako vinalia vivyo hivyo na hujawahi kudai vimerudi mahali pake. Nafuu unayoipata si uongo, misuli inalegea kwa muda. Ila chanzo kiko palepale, kwenye mto na kwenye saa nane unazoinamia cherehani, ndiyo maana Jumamosi unarudi kwake.

Kukandwa mabega kwa mafuta ya nazi sina ugomvi nako. Ninachokikataa ni kushikwa kidevu na kisogo, kichwa kikasokotwa ghafla. Kuna mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda ubongoni ikipita ndani ya matundu ya pingili hizohizo. Ukuta wa mshipa ukichanika kwa ndani, damu inaganda, na donge likisafiri ni kiharusi. Ni nadra, sitakudanganya. Lakini kinyozi hajakuuliza kama una presha, hajui yupi kati ya wateja wake ana baridi yabisi iliyolegeza maungio ya shingo, wala yupi anameza dawa za kuzuia damu kuganda. Na kinachonitisha zaidi ni kwamba mshipa uliochanika mara nyingi huanza na maumivu ya shingo na kichwa tu. Mtu anadhani shingo "haijakaa vizuri", anarudi kwenye kiti kilekile kuvunjwa tena.

Kola za shingo zinazouzwa kiholela ni za ukoo huohuo. Ukiivaa wiki kadhaa bila kuandikiwa, misuli inadhoofika, na siku ukiivua unaumia kuliko mwanzo.

Rekebisha mto, inua cherehani au shusha kiti kidogo ili usiinamie kitambaa, simama kila nusu saa uizungushe shingo taratibu. Jipe wiki tatu au nne. Ila mkono ukiingia ganzi, vidole vikishindwa kushika sindano, miguu ikayumba au mkojo ukakutoka bila habari, hapo mto hauhusiki, wahi hospitali. Vilevile homa pamoja na shingo ngumu. Na yeyote aliyevunjwa shingo kisha akapata kizunguzungu, akaona vitu viwili viwili au mdomo ukaenda upande, asingoje kupambazuke wala asiniandikie mimi. Aende hospitali ya Bombo saa hiyohiyo, na akifika aseme wazi kwamba alivunjwa shingo na lini.